Kitambi na ukoo: namna ya kujipima sindromu ya metaboli

Sindromu ya metaboli ni alama za hatari zinazokutana kwa mtu mmoja na kumsogeza kwenye kisukari na maradhi ya moyo. Anza na tepu ya fundi cherehani, si mzani. Vua shati, papasa ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, upitishe tepu katikati ya hapo. Toa pumzi kawaida, ndipo usome. Wengi hupima mkanda unapokaa, chini ya kitambi, wakajidanganya. Mwanamume kuanzia sm 94 na mwanamke kuanzia sm 80 (si mjamzito) ameshapata alama ya kwanza.

Zimebaki nne: presha 130/85 au zaidi, hata namba moja tu ikivuka, sukari ya kabla ya kula 5.6 mmol/L au zaidi; trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) 1.7 au zaidi. Na lehemu nzuri (HDL) chini ya 1.0 kwa mwanamume, 1.3 kwa mwanamke. Tatu kati ya tano ndiyo sindromu yenyewe. Anayemeza dawa ya presha huhesabiwa alama hiyo hata kipimo kikiwa kizuri, na wa dawa ya sukari vilevile.

Nenda maabara asubuhi, hujala usiku kucha. Maji ruksa, chai ya maziwa hapana. Tahadhari moja: kwa watu wenye asili ya Afrika, trigliseridi mara nyingi huwa chini hata insulini (homoni inayoshusha sukari) inapogoma. Jibu zuri hapo lisikutulize.

Kwa nini kiuno? Mafuta yanayozunguka utumbo humwaga asidi zake kwenye mshipa uendao moja kwa moja kwenye ini. Ini likijaa mafuta haliisikii insulini: linazidi kutoa sukari na trigliseridi, na HDL inashuka. Mafuta ya makalio hayana ukorofi huo.

Sasa ukoo. Andika wazazi, ndugu wa tumbo moja, babu na bibi: nani ana kisukari, presha au kiharusi, na kilimwanza akiwa na umri gani. Karatasi hiyo ina faida kuliko kulipia kipimo cha jeni. FTO, jeni iliyohusishwa na unene mwaka 2007, huongeza hamu ya kula. Aliyerithi nakala mbili za hatari humzidi asiye nayo kwa kilo 3 hivi tu, kwa wastani. TCF7L2, jeni nyingine, hudhoofisha kongosho linalotoa insulini, kwa hiyo mwembamba wa ukoo wa kisukari naye apime sukari.

Ukiwa na kilo 90, lenga kupunguza 6 hivi, na utembee kwa haraka dakika 150 kwa wiki. Kwa mpango wa namna hiyo, utafiti wa Marekani wa 2002 ulipunguza visa vipya vya kisukari kwa 58% miongoni mwa waliokuwa ukingoni.