Namna ya kumpima kocha mkuu wa NFL bila kudanganywa na msimamo wa ligi

Idadi ya ushindi ndiyo kila mtu huitazama kwanza, nayo hudanganya kuliko takwimu nyingine yoyote. Kocha mkuu wa NFL (ligi ya futiboli ya Marekani) husifiwa kwa kazi ya kwotabeki wake (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), ya meneja mkuu aliyemtafutia wachezaji, ya ratiba laini, na hata ya mpira wenyewe, ambao kwa umbo lake ukidunda hakuna ajuaye utakwenda wapi. Ukitaka kumpima vizuri, ondoa hayo moja baada ya jingine hadi ubaki na yale aliyoyaamua yeye.

Unahitaji matokeo ya misimu mitatu au zaidi, orodha ya makwotabeki walioanza kila mechi, majina ya waratibu wa mashambulizi na wa ulinzi kwa kila mwaka, na subira ya kutazama mechi nne au tano hadi kipyenga cha mwisho. Takwimu zote hizo zipo kwenye tovuti ya Pro Football Reference.

Sahihisha rekodi kwa tofauti ya pointi

Tangu 2021 kila timu hucheza mechi 17 za msimu wa kawaida, nazo ni chache mno kwa hukumu. Timu ya wastani, ambayo kila mechi yake ni sawa na kurusha sarafu, inaweza kumaliza na ushindi 6 au 11 bila mtu kufanya lolote la ajabu. Bahati peke yake husogeza rekodi kwa mechi mbili hivi, juu au chini.

Kwa hiyo chukua pointi zote ambazo timu ilifunga, utoe ilizofungwa. Nusu ya mechi 17 ni 8.5, ongeza ushindi mmoja kwa kila pointi 35 hadi 40 za ziada, au punguza mmoja kwa kila pungufu ya kiasi hicho. Timu yenye ziada ya pointi 76 ilistahili ushindi kumi na nusu hivi. Anayetaka usahihi zaidi apandishe pointi za kufunga kwa kipeo cha 2.37, afanye hivyo hivyo kwa za kufungwa, agawanye ya kwanza kwa jumla ya zote mbili, kisha azidishe kwa 17.

Mfano mzuri ni Minnesota Vikings ya 2022, msimu wa kwanza wa Kevin O'Connell. Walishinda 13 na kupoteza 4, lakini walifunga pointi 424 na kufungwa 427. Kwa kanuni hiyo walistahili ushindi 8 na kidogo. Ule mwingine ulitoka wapi? Kwenye mechi zilizoamuliwa kwa pointi 8 au chini yake walishinda 11 na hawakupoteza hata moja, ilhali vipigo vyao vinne vilikuwa vizito, kimojawapo 40-3 mbele ya Dallas Cowboys wakiwa nyumbani. Kwenye mtoano New York Giants waliwatoa mechi ya kwanza tu, 31-24. Mwaka uliofuata kwotabeki Kirk Cousins alichanika kano ya kisigino na timu ikaishia 7-10 (ushindi 7, vipigo 10). Waliomtukuza O'Connell mwaka 2022 waliharakisha, na waliomfuta 2023 waliharakisha pia: mwaka 2024 alifika 14-3 akiwa na Sam Darnold, kwotabeki ambaye Jets na Panthers walishamkatia tamaa.

Ukiwa hapo hapo, tazama mipira iliyoponyoka mikononi. Kumponyosha mpinzani mpira ni ujuzi unaofundishika, lakini nani atauokota ukishaanguka ni karibu nusu kwa nusu. Timu iliyookota mingi kupita kiasi mwaka huu, mwakani usitegemee irudie.

Kisha linganisha rekodi na matarajio ya kabla ya msimu. Makadirio ya ushindi yanayotolewa na kampuni za kubeti mwezi Agosti ni kipimo kizuri, kwa sababu yameshahesabu kwotabeki, usajili na ratiba. Kocha anayeyapita mwaka hadi mwaka ana kitu. Anayeyapita mara moja huenda ana bahati, na mara nyingi ndiye anayepewa tuzo ya kocha bora wa mwaka, kwa kuwa wapiga kura hupenda timu iliyowashangaza. Andy Reid, ambaye ameshinda Super Bowl (fainali ya ligi) tatu na Kansas City Chiefs, aliipata tuzo hiyo ya shirika la habari la AP mara moja tu, mwaka 2002 akiwa Philadelphia Eagles. Matt Nagy wa Chicago Bears aliipata 2018, na baada ya msimu wa 2021 akafukuzwa.

Mtenge kocha na kwotabeki

Hapa ndipo ubishi mwingi huharibikia. Chora jedwali lenye mstari mmoja kwa kila kwotabeki aliyecheza chini ya kocha huyo: mechi alizoanza, alizoshinda, na alikuwaje kabla ya kufika na baada ya kuondoka. Ukikuta majina matatu au manne na timu bado inashinda, unamtazama kocha.

Joe Gibbs ndiye kielelezo. Alishinda Super Bowl tatu na Washington kwa makwotabeki watatu tofauti: Joe Theismann, Doug Williams na Mark Rypien. Reid naye, kabla hata Patrick Mahomes hajateuliwa kwenye drafti (zoezi la timu kuteua wachezaji wapya) ya 2017, alipokea Chiefs iliyotoka 2-14 mwaka 2012 na kuifikisha 11-5 mwaka uliofuata akiwa na Alex Smith. Bill Parcells aliichukua Jets iliyokuwa 1-15 mwaka 1996 akaifanya 9-7, kisha 12-4 mwaka 1998.

Bill Belichick ndiye mtihani mgumu. Huko Cleveland, 1991 hadi 1995, alishinda 36 na kupoteza 44. Akiwa New England na Tom Brady alibeba Super Bowl sita. Brady alipoondoka baada ya msimu wa 2019, misimu minne iliyofuata ilimpa ushindi 29 na vipigo 38, huku Brady akitwaa Super Bowl na Tampa Bay mwaka wake wa kwanza. Kesi imekwisha? Bado. Mwaka 2008 Brady aliumia mechi ya kwanza, na Matt Cassel, mtu ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja kama kwotabeki tangu shule ya sekondari, akaongoza timu ile ile hadi 11-5. Tena Belichick ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu wachezaji, kwa hiyo udhaifu wa kikosi cha 2020 hadi 2023 unamwangukia, ila katika kazi ya umeneja. Fungua safu mbili: nani alichagua wachezaji, na nani aliwafundisha. Kwa makocha wengi wa leo safu ya kwanza ni ya meneja mkuu, na si haki kumtwisha kocha mzigo wa drafti mbovu.

Hukumu uamuzi kabla ya kuona matokeo

Kati ya hatua zote, hii ndiyo tunayoiamini zaidi. Tazama mechi iliyorekodiwa, simamisha picha kila inapofika dauni ya nne (jaribio la mwisho kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10), na uandike ungefanya nini na kwa nini. Baada ya hapo ndipo uachie picha iendelee. Usipofanya hivyo, matokeo yatakuandikia maoni yako.

Kwenye dauni ya nne ikiwa imebaki yadi 1, timu hufaulu takriban mara mbili kati ya tatu. Kubutua mpira (kuupiga mbali na kumwachia mpinzani) katikati ya uwanja kwa hali hiyo ni kumpa mpinzani zawadi, na kocha anayefanya hivyo kila wiki mwandikie alama hasi, hata kama alishinda. Mwezi Januari 2024, fainali ya NFC (nusu mojawapo ya ligi), Dan Campbell wa Detroit Lions alikataa mara mbili kupiga teke la pointi tatu la yadi 45 hivi, na mara zote mbili akakosa. Walikuwa wakiongoza 24-7 mapumziko, wakapoteza 34-31 kwa San Francisco 49ers. Alitukanwa sana. Lakini ya kwanza ilikuwa dauni ya nne na yadi 2, pasi ikafika mikononi mwa mpokeaji ikaanguka. Mchezo ulichaguliwa vizuri na mtu akawa wazi. Kocha hadaki mpira.

Linganisha na Matt LaFleur wa Green Bay Packers, fainali ya NFC ya Januari 2021. Nyuma kwa pointi 8, dakika mbili na sekunde chache zimebaki, dauni ya nne, yadi 8 kufika mstari wa goli, Aaron Rodgers uwanjani. Akapiga teke la pointi tatu. Hata lilipoingia, bado alihitaji tachidauni (pointi 6 za kuvusha mpira mstari wa goli), na sasa alihitaji pia kunyang'anya mpira mikononi mwa Brady. Hakuuona tena, na mechi ikaisha 31-26. Uamuzi huo ulikuwa mbaya kabla teke halijapigwa.

Kipimo kingine kinachomtenga kocha anayepiga hesabu na yule wa mazoea: timu iko nyuma kwa pointi 14 mwishoni, inapata tachidauni, sasa ni 8. Kwa nyongeza inayofuata tachidauni, ajaribu pointi mbili au apige teke la pointi moja? Tuseme pointi mbili hufaulu mara 48 kati ya 100 na teke mara 94, na timu itapata tachidauni nyingine bila mpinzani kufunga tena. Akipiga teke mara zote mbili, anachokitafuta ni muda wa ziada tu, na nafasi yake ya kushinda ni kama 46 kati ya 100. Akijaribu mbili mara ya kwanza na kufaulu, teke la baadaye linampa ushindi. Akikosa, atajaribu mbili tena ili asawazishe. Jumla ni karibu 59 kati ya 100. Makocha wanaolijua hili wameongezeka, lakini bado utawaona wengine wakituma mpigaji bila kufikiri.

Saa ni eneo la tatu, na hapa makosa ni ya kocha karibu yote. Kila timu ina taimauti (nafasi za kusimamisha saa) tatu kwa kila nusu ya mechi. Andika kila moja ilitumika lini na kwa sababu gani: taimauti iliyochomwa mwanzoni mwa robo ya tatu kwa sababu maelekezo yalichelewa ni deni litakalodaiwa dakika za mwisho. Novemba 28, 2024, Matt Eberflus wa Bears alikuwa nyuma 23-20 dhidi ya Lions. Kwotabeki wake akaangushwa zikiwa zimebaki sekunde 30 na kitu, taimauti moja ikiwa mfukoni. Hakuiita. Saa ikakimbia hadi sekunde 6, mchezo mmoja ukachezwa, pasi ndefu ikaanguka, mechi ikaisha na taimauti bado haijatumika. Kesho yake alifukuzwa, wa kwanza katika historia ya Bears kuondolewa katikati ya msimu. Miaka miwili kabla, mechi ya kwanza ya Nathaniel Hackett na Denver Broncos, aliiacha saa itiririke akiwa na taimauti zote, kisha kwenye dauni ya nne na yadi 5 akamtuma mpigaji wake ajaribu teke la yadi 64. Likatoka nje, wakapoteza 17-16. Hakumaliza msimu.

Penalti zitenganishe. Kuanza kabla ya mpira, kuchelewesha mchezo, wachezaji 12 uwanjani: hizi za yadi 5 zinaonyesha maandalizi. Kumshika mpinzani ni suala la mchezaji kuzidiwa nguvu, na husema machache kuhusu kocha.

Tazama wasaidizi

Kocha mkuu asiyeita michezo mwenyewe (yaani asiyechagua mbinu ya kila mchezo) hupimwa kwa watu anaowaajiri na anavyoziba pengo wakiondoka. Nick Sirianni wa Eagles alifika Super Bowl ya Februari 2023, kisha waratibu wake wote wawili wakachukuliwa kuwa makocha wakuu, Shane Steichen kwa Colts na Jonathan Gannon kwa Cardinals. Msimu uliofuata ulianza 10-1, ukabomoka hadi 11-6, wakatolewa 32-9 na Tampa Bay. Akawaajiri Vic Fangio kwa ulinzi na Kellen Moore kwa mashambulizi, akamaliza 14-3 na kuipiga Chiefs 40-22 kwenye Super Bowl. Unaweza kusema waratibu ndio walioshinda. Sisi tunasema kuwapata na kuwaacha wafanye kazi ni sehemu ya kazi yake, ila 2023 nayo iandikwe kwenye karatasi ile ile.

Kwa kocha anayeita michezo mwenyewe, angalia upande wake tu wa uwanja. Sean McVay alipoichukua Rams mwaka 2017, timu iliyofunga pointi 224 mwaka uliotangulia, kidogo kuliko timu zote, ilifunga 478 na kuongoza ligi. Mabadiliko ya ukubwa huo ndani ya mwaka mmoja hayaelezeki kwa bahati.

Mtoano upewe uzito wake, si zaidi

Marty Schottenheimer alishinda mechi 200 za msimu wa kawaida, lakini kwenye mtoano alishinda 5 na kupoteza 13. Mechi 18 ni chache, lakini si chache kiasi cha kupuuzwa. Tunachopendekeza ni kuzirudia hizo 18 kwa njia ya dauni ya nne na saa. Ukikuta kocha anayekuwa mwoga zaidi Januari kuliko Oktoba, anayebutua pale alipokuwa akijaribu, basi rekodi hiyo ni yake. Ukikuta mateke yaliyokosa na mipira iliyoponyoka, iweke kando, umpime kwa zile 200.

Kocha mpya usimpe alama yoyote kabla ya mechi 34, yaani misimu miwili. Campbell alianza Lions kwa 3-13-1 (sare moja), na mwaka wake wa pili akaanza 1-6. Miaka miwili baadaye alikuwa 15-2.