SOMO: Redio ya AM inakwaruza? Tafuta mchawi (kifaa kinacholeta kelele) kabla hujaenda kwa fundi

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Naliandika mara moja. Ukiuliza tena nakuleta hapa.

1. Chomoa redio kwenye umeme, tia betri.

2. Tega AM sehemu isiyo na stesheni, sauti juu. Kwenye stesheni yenye nguvu kelele inajificha.

3. Zima swichi kuu. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanazima, mkwaruzo uko palepale, wanalaumu redio. Kumbe juu ya bati kuna sola! Swichi kuu haiigusi. Inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) na kontrola (inayosimamia kuchaji betri) zinaendelea kukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na uchafu wake unapanda mpaka masafa ya AM. Zima inveta, kisha chomoa waya wa PANELI kwanza, betri baadaye. Ukianza na betri jua likiwaka, kontrola inaweza kuungua. Usije kunililia.

4. Mkwaruzo ukikata, rudisha vifaa kimoja kimoja mpaka urudi. Anza na chaja za bei poa na taa za LED.

5. Umempata? Mbadilishe au mhamishe. Ukishindwa, zungusha redio yenyewe: antena ya AM ni kijiti cha feraiti kilicholala ndani. Ncha yake ikielekea kwenye chanzo, kelele inashuka.

MASWALI

— Mkuu, yangu inakwaruza, nifanyeje?
Umefika hatua ya ngapi?
— Sijaanza.
Anza.

— Nimevuta antena yote, AM bado.
Hiyo ya kuvuta ni ya FM na SW (masafa mafupi). Rudi hatua ya 5.

— Samahani mwalimu, mbona FM haisumbuki na chaja hiyohiyo?
Swali zuri. AM inabeba sauti kwenye ukubwa wa wimbi, na kelele ya chaja au radi inajazia ukubwa huohuo. Redio haina namna ya kuzitenganisha. FM inabeba sauti kwenye kupanda na kushuka kwa masafa, kwa hiyo redio inavikata vilele vyote vya wimbi, ambako kelele imekaa, kabla ya kusoma sauti. Mvumbuzi wake, Edwin Armstrong, alipata hataza ya FM Marekani mwaka 1933. Gharama ya FM ni nafasi kwenye masafa: stesheni za AM Afrika zimepangwa kila kHz 9, FM moja inakula kama kHz 200. Na mawimbi ya FM yakidhoofika sana, nayo inaanza kufoka.

— Kwangu mchawi alikuwa king'amuzi, tena nimekizima!
Kwa rimoti? Adapta bado inakula umeme. Chomoa ukutani.

— Vile vibonge vyeusi kwenye kebo za kompyuta vinasaidia?
Ndiyo, ni feraiti. Pitisha waya wa chaja humo mara nne tano, kibonge kiwe karibu na chaja. Mara moja tu haitoshi kwa AM.