Kufuli moja, koni tano: kuiona resonansi bila maabara

Jaribio hili la resonansi, yaani kitu kubembea kwa upana zaidi kinaposukumwa kwa mdundo wake chenyewe, lilibuniwa na Mwingereza Edwin Barton. Mimi hulifanya kwa madawati mawili, kamba, uzi wa kushonea, kufuli zito na karatasi za daftari.

Hatua ya 1. Funga kamba kati ya madawati, ilegee kidogo. Ukiikaza sana haitapitisha msukumo.

Hatua ya 2. Karibu na ncha moja ning'iniza kufuli, sentimita 25 kutoka kwenye kamba hadi katikati ya kufuli lenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilipima hadi kwenye fundo. Koni nisiyoitarajia ikaongoza, darasa likanicheka hadi kengele. Kanuni ya muda wa kwenda na kurudi mara moja (T) ni T = 2π√(L/g), L ikiwa urefu huo kwa mita na g mvutano wa dunia, yaani 2 × 3.14 × √(0.25 ÷ 9.8), sekunde 1 hivi. Hakikisha kwa saa ya simu: kwenda na kurudi mara 20 kuchukue kama sekunde 20.

Hatua ya 3. Kunja koni tano kama za muuza karanga, tia kipande cha waya ndani ya kila moja, uzitundike kwenye kamba hiyohiyo kwa sentimita 15, 20, 25, 30 na 40.

Hatua ya 4. Vuta kufuli kuelekea kwako, si kwa kufuata kamba, kisha uliachie. Mwanzoni ni vurugu: koni inapanda, inapoa, inapanda tena. Subiri zitulie. Wengi hudhani koni fupi zitakwenda haraka zaidi. Zihesabu: zote zinafuata sekunde 1 ya kufuli, zitake zisitake. Zinachotofautiana ni upana wa mbembeo, na ya sentimita 25 inazipita zote.

Hatua ya 5. Chuchumaa uangalie kwa ubavu. Ya 15 inakwenda pamoja na kufuli. Ya 40 karibu kinyume chake. Ya 25 je? Kufuli linapopita katikati, yenyewe ndiyo kwanza inafika ukingoni: imechelewa robo ya mzunguko. Kwa hiyo kamba huisukuma upande uleule inakoelekea, safari nzima, kama anayejua kusukuma bembea. Hakuna msukumo unaopotea.

Hatua ya 6. Toa vipande vya waya, urudie. Hewa sasa inazishika koni: ya 25 inapungua, na za 20 na 30 zinaikaribia.

Rudisha waya, fupisha uzi wa kufuli hadi sentimita 15, na kabla hujaliachia kila mwanafunzi aandike koni ipi itaongoza.