Somo: Kupigia kura marekebisho ya katiba ya kanisa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo hili ni la kanisa lenye katiba yake lenyewe. Mlio chini ya dayosisi, angalieni kwanza katiba ya dayosisi imewaachia nini.

1. Tafuteni ibara ya marekebisho kwenye katiba iliyopo, mara nyingi iko mwishoni. Humo mtakuta siku za notisi, akidi (idadi ya chini ya washirika wanaotakiwa kuwepo) na kiwango cha kura. Mnapiga kura kwa katiba ya zamani, hata rasimu mpya iwe nzuri namna gani.

2. Chapeni jedwali: maneno ya sasa, maneno yanayopendekezwa, sababu. Muumini aone mwenyewe kwamba "wazee wa kanisa watachaguliwa kila baada ya miaka 3" imegeuka "watatumika hadi watakapobadilishwa". Rasimu ikisomwa haraka haraka baada ya matangazo ya Jumapili, badiliko kama hilo linapita kimya, halafu linakuja kugawa kanisa. Jedwali hilo lipelekeni kwenye ibada za nyumbani, asiyejua kusoma asomewe.

3. Tarehe. Ukerewe na kwenye mialo (vituo vya wavuvi) yote ya Ziwa Victoria, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi hupumzika. Wekeni mkutano siku hizo za mbalamwezi. Akidi ikitimia wavuvi wakiwa ziwani, mmewanyang'anya sauti ndugu zenu.

4. Pigeni kura ya siri, ibara kwa ibara. Msifunge rasimu nzima kwenye ndiyo au hapana moja, maana ibara mbaya hupita imejificha nyuma ya nzuri. Kabla ya kura, mwenyekiti atamke: theluthi mbili ya nani? Tuseme wamehudhuria 120, wamepiga kura 105, waliosema ndiyo ni 75. Theluthi mbili ya waliopiga kura ni 70, imepita. Theluthi mbili ya waliohudhuria ni 80, imeanguka. Hili likijadiliwa baada ya kuhesabu, ugomvi hauishi.

5. Muhtasari usainiwe, uambatane na orodha ya mahudhurio. Kama mmesajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, pelekeni kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Msianze kutumia katiba mpya kabla hajaridhia.

MASWALI YA WASHIRIKA

Mshirika, Igoma: Binti yangu yuko chuoni Dodoma. Naweza kupiga kura kwa niaba yake?
Jibu: Hapana, baba, labda katiba yenu iruhusu uwakilishi kwa maandishi.

Mshirika, Kirumba: Kura ya siri si dalili kwamba hatuaminiani? Tunyooshe mikono tu.
Jibu: Mama, mhudumu anayelipwa na kanisa atanyooshaje mkono kupinga huku mchungaji anamtazama? Mpeni karatasi.

Mshirika, Sengerema: Mchungaji aongoze mkutano?
Jibu: Ibara ikigusa muda wake au posho yake, ampishe mwingine kiti mpaka ibara hiyo iishe, kisha arudi.