Hela ya mfuko dukani: jinsi ya kuikwepa, na ukilazimika kulipa ununue mfuko gani

Kila foleni ya kaunta hapa Dar lazima kuna mtu anagomba, "yaani nimenunua vitu vya elfu arobaini halafu mfuko tena unanidai jero, mia tano nzima?" Nyuma wanacheka, keshia anaangalia pembeni, mwisho mtu analipa maana mikono miwili haiwezi kubeba unga, mafuta, sabuni na mayai kwa pamoja. Sasa badala ya kugomba kila siku nimeona niandike jinsi ya kufanya, ila kwanza tuelewane hiyo hela ni ya nini.

Rambo, ule mfuko mwepesi wa plastiki, lilikuwa bure mpaka mwisho wa Mei 2019. Tarehe 1 Juni 2019 marufuku ikaanza huku Bara, na watu wengi hawajui kwamba serikali haikuweka ada yoyote ya mfuko, ilichofanya ni kuondoa ule wa bure, hii mifuko mbadala ikageuka bidhaa kama sukari na kiberiti, kila mtu anauza bei anayoona inamlipa. Kwa hiyo ile jero haiendi kuzoa taka wala kusafisha mto Msimbazi, inabaki kwa mwenye duka na aliyemletea. Ireland wao walifanya tofauti, mwaka 2002 waliweka tozo ya senti 15 kwa kila mfuko, 2007 wakapandisha mpaka 22, na hela ikawa inaingia serikalini kwa ajili ya mazingira. Kabla ya tozo mtu mmoja alikuwa anatumia mifuko kama 328 kwa mwaka, ikashuka mpaka 21 hivi! Senti 15 tu, wala sio kwamba watu walifilisika, walianza kukumbuka kutoka na kapu nyumbani.

Ndio maana mimi nasema mteja alipie tu, ila lengo la kuuza mfuko ni wewe usiununue. Ukiwa unalipa kila siku na kabatini una rundo la mifuko mpaka mlango haufungi, basi tumehama kutoka plastiki ya bure kwenda plastiki ya kulipia, kwa sababu hii mifuko tunayoiita ya kitambaa nayo ni plastiki, imetengenezwa kwa polipropilini. Ishike uichome ncha uone inavyoyeyuka. Mamlaka ya mazingira ya Uingereza ilitoa utafiti 2011, ukipima kwa hewa chafu inayoongeza joto duniani, mfuko wa aina hii unatakiwa utumike angalau mara 11 ndio ulingane na kale kamfuko kepesi ka plastiki kanakotumika mara moja, wa karatasi mara 3, na wa pamba halisi, ule ambao watu wanajidai nao kuwa wanatunza mazingira, mara 131! Kwahiyo ukiwa na mfuko wa pamba usiugeuze pambo la ukutani, ubebe.

Haya tuje kwenye kazi yenyewe.

Kwanza vitu vya kubebea unavyo tayari. Kapu la ukili la mama linabeba viazi, nazi na ndizi bila kulalamika. Kiroba cha mchele au cha sembe cha kilo 25 ukikipeleka kwa fundi cherehani akakipiga mikono miwili, tena mwambie mikono aishushe mpaka chini ya kiroba asiishonee juu tu, hapo unakuwa na mfuko wa kubeba mzigo wa nyumba nzima. Shangazi kaja, lile begi kubwa la mirabamiraba, ni kwa siku ya kwenda soko la Kariakoo au Mabibo. Tatizo la watu sio kukosa mfuko, ni kuusahau, unafika sokoni mfuko uko nyumbani umening'inia nyuma ya mlango. Dawa yake mfuko usikae na vyombo, ukae na vitu ambavyo huwezi kutoka bila navyo, yaani mmoja ukunje mdogo uutie kwenye pochi au begi la kazini, mwingine chini ya siti ya pikipiki au kwenye buti ya gari, na ukishashusha vitu jikoni rudisha mfuko pale pale muda huo huo, usiseme kesho.

Pili sema mapema. Ukifika kaunta toa mfuko wako uuweke juu kabla keshia hajapiga kitu cha kwanza, mwambie "dada mfuko ninao usinipigie". Keshia akishamaliza kupanga vitu kwenye mfuko wa duka unaona aibu kuvitoa. Halafu soma risiti, supamaketi mfuko unaandikwa mstari wake peke yake huko chini, kama hukuuomba na umepigwa sema hapo hapo kabla hujalipa. Sehemu nyingine mlinzi anakuzuia kuingia na mfuko, usibishane nae, mwonyeshe mfuko hauna kitu, au acha pale wanapohifadhi mizigo na vitu utavipanga ukishatoka.

Kariakoo kwenye nguo na vyombo huko ni maongezi. Ukinunua vya maana omba mfuko kama nyongeza, tena uombe kabla hujatoa hela, "kaka na mfuko basi", ukishalipa nguvu imeisha. Na mfuko wenye jina la duka na namba za simu kubwa ubavuni, huo mimi silipii hata shilingi mia, nimtangazie biashara yake kuanzia Msimbazi mpaka Mbagala halafu nimlipe mimi? Hapana. Ila wale vijana wanaozunguka sokoni wanaita "mifuko mifuko" msiwakaze sana, hawana duka la kufidia, faida yao ni hiyo hiyo mia.

Nyama na samaki ndio pana shughuli. Buchani nenda na bakuli lenye mfuniko, lakini hakikisha linawekwa kwenye mzani likiwa tupu na mzani unarudishwa sifuri ndio nyama iingie, la sivyo utanunua bakuli lako mwenyewe kwa bei ya nyama ya ng'ombe. Feri kwenye soko la samaki nenda na ndoo yenye mfuniko unaobana, sio kwa sababu ya mfuko tu, konda akisikia harufu ya samaki kwenye daladala utashushwa Posta hapo hapo na dagaa zako. Kwa Mangi, duka la mtaani, sukari na mchele wa kupima peleka kopo, na mboga za genge zifungwe kwenye kanga au zitiwe moja kwa moja kwenye kapu.

Hapo kwenye vifungashio kuwe na umakini. Vile vifuko laini vinavyoonyesha ndani, viliruhusiwa kwa kufungia bidhaa, havikuruhusiwa kuwa mfuko wa kubebea, ila watu wakavigeuza rambo jipya, unapewa nyanya humo unaning'iniza kidoleni unaondoka. Kanuni za 2019 kukutwa unatumia mfuko wa plastiki uliokatazwa ni faini kuanzia elfu 30 mpaka laki 2, au ndani siku zisizozidi 7. Sasa mtu anakwepa kulipia mfuko wa mia tatu anabeba kitu cha faini elfu 30, hesabu gani hiyo. Na ukiwa unasafiri kwenda Kigali au Nairobi toa kabisa marambo kwenye begi kabla ya mpaka, Rwanda wamekataza tangu 2008 na Kenya tangu Agosti 2017, hawana mzaha.

Ukibanwa, mvua inanyesha na huna mfuko, nunua, ila nunua wa kudumu. Uinue kwenye mwanga uweke mkono ndani, ukiona vidole vyako vyote vizuri huo ni mwepesi mno. Kiwango kilichowekwa ni gramu 70 kwa mita ya mraba, dukani huwezi kupima, ila mfuko mzuri huwa umeandikwa aliyeutengeneza na uzito unaoweza kubeba, ule usio na maandishi yoyote wenye rangi za kuwaka uuogope. Angalia mikono, iliyoshonwa kwa uzi wa msalaba inadumu, iliyogandishwa kwa moto ivute kwa nguvu pale pale mbele ya muuzaji, ikiachia rudisha. Ule wenye tundu tu la kushikia beba nao mkate, usiweke mafuta lita 5 humo utakuja kuokota chupa barabarani.

Kingine chukua saizi kubwa moja kuliko midogo mitatu. Midogo inapotea, inaishia kuwa ya kutupia taka, na ukijumlisha umelipa zaidi.

Kuutunza: ukichafuka na maji ya nyama osha kwa maji ya baridi na sabuni, usiuchemshe wala usiupige pasi, utajikunja wote. Anika kivulini. Hii mifuko jua inaiua, ukiuacha kwenye kamba wiki nzima unaanza kumeguka unga unga na ule unga ni plastiki inaingia kwenye udongo wa bustani yako. Mfuko wa nyama na samaki uwe mmoja na rangi yake usichanganye na wa mkate na matunda. Mkono ukikatika fundi anaurudishia, ukishatoboka chini kabisa weka udongo upande mche wa mpapai, kwenye mtaro usiutupe.

Na wenye maduka mliofika mpaka huku, bandikeni bei ya mfuko kaunta na mwambieni keshia aulize kwanza, "una mfuko au nikuwekee?", mteja akijibu mwenyewe hagombi. Mngeweka pia bei ya kurudisha, mtu akileta mfuko mzima anapata mia yake, sioni kinachowashinda maana kwenye kreti na chupa za soda mmeshaweza miaka yote.