Pasheni ya zambarau juu, ya manjano chini

Jirani yangu hapa Dagoretti, Nairobi, aliniuliza kwa nini sipandi blakikarenti, na watoto wake wanavyoipenda juisi yake. Nilimwambia mti ule huhitaji wiki nyingi za baridi kali, chini ya nyuzi 7 hivi, ndipo uchanue vizuri. Julai yetu hutuvalisha masweta, lakini haifiki huko. Mimi nachagua pasheni ya zambarau, inayopenda miinuko kama hii.

Mche mama, yaani ule utakaoukata vikonyo (vijiti vya kuunganisha), hauchaguliwi siku moja. Funga kitambaa kwenye miche mitano inayokuvutia, uifuatilie tangu mvua za Machi hadi za Oktoba. Kila mavuno kata matunda kumi ya kila mche, uchuje juisi, upime kwa glasi ileile. Tunda kubwa lenye ganda nene huvutia macho. Kwenye glasi utaliona lilivyo.

Kagua majani pia. Mwaka wangu wa pili nilikata vikonyo kwenye mche uliozaa sana ila majani yake yalikuwa na mabaka ya manjano. Nilidhani umekosa mbolea. Vilikuwa virusi. Miche arobaini ikazaa matunda madogo yaliyopinda, magumu kama mbao, nikaing'oa yote. Iliniuma mno. Vidukari hueneza virusi hivyo, na kisu vilevile, kwa hiyo nafuta kisu kwa spiriti kila nihamapo mche.

Sasa mizizi. Zambarau hufa kwa mnyauko wa fusari, ugonjwa wa kuvu: leo mche umesimama, wiki ijayo umekauka, na ukipasua shina karibu na ardhi ndani ni kahawia. Kuvu hiyo hukaa udongoni miaka mingi. Pasheni ya manjano, ile ya Pwani, huistahimili zaidi, basi iwe mizizi yako, na zambarau uiunganishe juu yake.

Otesha mbegu za manjano. Shina likinenepa kama penseli, likate zaidi ya sentimita 30 kutoka ardhini, ulipasue katikati. Chonga kikonyo cha zambarau chenye macho mawili ya kuchipukia, kiwe kama kabari, unene uleule, ukitie humo. Ganda liguse ganda, hata upande mmoja tu. Funga kwa utepe wa nailoni, weka kivulini, usubiri wiki tatu au nne.

Shambani usifukie kiungo, pale ulipounganisha. Machipukizi ya chini yake yavunje kwa kidole yangali laini.