Fulana za Bendi Zinazodumu: Kuanzia Mchoro Hadi Meza ya Mauzo

Fulana za kwanza za bendi yetu zilipendeza sana zikiwa mezani. Miezi miwili baadaye, dada mmoja alikuja kwenye onyesho amevaa ya kwake. Jina letu lilikuwa limepasuka kama udongo wa kiangazi, herufi ya mwisho imebanduka nusu. Hakulalamika. Aliuliza tu kama zimetoka mpya, maana anataka nyingine. Nilimpa nyingine bure, nikarudi nyumbani na haya usoni. Mtu amekubali kutembea na jina lenu kifuani, halafu mnamvika kitu kinachobanduka!

Tangu siku ile mimi ndiye ninayeshughulikia bidhaa za bendi. Nilichojifunza ni kwamba ubora huamuliwa kabla ya kutoa oda: kwenye faili la mchoro, kwenye kitambaa, na kwenye sampuli uliyoifua mwenyewe. Mwongozo huu ni wa yule mmoja katika bendi yenu atakayebeba jukumu hilo.

Hatua ya 1: Anza na vichache

Fulana yenye mchoro mmoja, rangi moja ya kitambaa, pamoja na stika za vinili zisizoharibiwa na maji. Basi. Piga hesabu uone kwa nini: michoro miwili, kila mmoja kwa rangi mbili na saizi tano, tayari ni aina 20 za fulana. Ukitaka tano tano za kila aina, unahitaji fulana 100, na bado shabiki atakuja kuulizia saizi iliyokwisha.

Kofia na mifuko ya kitambaa vingoje awamu ya pili. Kofia ikidariziwa hupendeza, ila herufi zenye urefu wa chini ya milimita 5 hujaa nyuzi na hazisomeki, kwa hiyo nembo yenye maandishi madogo lazima irahisishwe kwanza.

Hatua ya 2: Andaa mchoro kama mchapaji anavyoutaka

Ikiwezekana, mchoro uwe wa vekta, yaani uliochorwa kwa mistari ya kompyuta ambayo unaweza kuikuza kadiri utakavyo bila kupoteza ukali. Kama ni picha ya kawaida, iwe na nukta 300 kwa kila inchi katika ukubwa utakaochapwa. Mchoro wa upana wa sentimita 30 unahitaji kama pikseli 3,540. Picha uliyoipakua kutoka mtandao wa kijamii mara nyingi ina pikseli 1,080, na kwa kipimo hicho inatosha sentimita 9 tu. Ukiivuta ifunike kifua kizima, itatoka na ukungu.

Kabla ya kutuma faili, geuza herufi zote ziwe maumbo. Usipofanya hivyo, kompyuta ya mchapaji isipokuwa na fonti yenu itaweka nyingine. Rangi nazo zitaje kwa namba za Pantone, yaani orodha ya rangi ambayo kila moja ina namba yake, kwa sababu wekundu unaouona kwenye simu yako si wekundu anaouona yeye kwenye skrini yake.

Kama mchoro ni wa msanii mwingine, andikianeni: amelipwa nini, na mnaruhusiwa kuutumia kwenye bidhaa zipi. Picha iliyookotwa mtandaoni usiiguse kabisa.

Hatua ya 3: Chagua kitambaa kwa mikono yako

Hapa usiwe na haraka. Uzito wa kitambaa hupimwa kwa gramu kwa mita moja ya mraba. Fulana ya gramu 140 au 150 ni nyepesi, inafaa kwenye joto, lakini nyeupe yake huonyesha ngozi. Ya gramu 180 ina mwili wa kutosha na haipotezi umbo upesi. Ikipita 200 inakuwa nzito, na wapo mashabiki wanaoipenda hivyo.

Uzito peke yake hautoshi. Pitisha kiganja juu ya kitambaa. Pamba iliyosokotwa vizuri ina uso laini, na wino hulala juu yake bila vinyweleo kuchomoza katikati ya herufi. Kisha igeuze ndani nje: tafuta utepe ulioshonwa kutoka bega hadi bega kupitia nyuma ya shingo, kwa sababu ndio unaozuia mabega yasivutike. Uliza kama kitambaa kimeshapunguzwa kiwandani kabla ya kushonwa, la sivyo L ya leo itakuwa M baada ya kufuliwa.

Jihadhari na fulana za rangi kali zenye mchanganyiko wa poliesta. Joto la kukaushia wino huweza kuitoa rangi ya kitambaa ikapanda kwenye wino. Unachapa herufi nyeupe juu ya fulana nyekundu, siku chache baadaye zimekuwa za waridi. Upo wino maalumu wa kuzuia hilo, lakini kwa oda ya kwanza mimi ningebaki na pamba tupu.

Hatua ya 4: Amua namna ya kuchapa

Kwa mchoro wa rangi chache na fulana kuanzia 40 hivi, chapa kwa skrini, yaani wavu uliobanwa kwenye fremu ambao wino husukumwa kupitia kwake hadi kwenye kitambaa. Kila rangi hutengenezewa skrini yake, na kwenye kitambaa cheusi huongezwa tabaka la wino mweupe chini ili rangi za juu zing'ae. Tabaka hilo nalo ni skrini moja. Tuseme kutengeneza skrini moja kunagharimu sawa na fulana mbili tupu. Mchoro wa rangi tatu juu ya fulana nyeusi unahitaji skrini nne, yaani thamani ya fulana nane imekwenda kabla tone la wino halijagusa kitambaa. Kwa fulana 20 ni mzigo, kwa 100 hutausikia. Ndiyo maana namwomba mchoraji wetu rangi moja au mbili, na michoro yake iliyouzika zaidi ndiyo hiyo.

Kwa idadi ndogo, au picha yenye rangi nyingi, kuna mashine zinazochapa moja kwa moja kwenye pamba, na kuna DTF, ambapo mchoro huchapwa kwenye filamu kisha hugandishwa kwenye nguo kwa joto. DTF inashika vitambaa vingi, lakini eneo kubwa lililojaa wino huwa kama plastiki kifuani na halipitishi hewa. Itumie kwa michoro yenye nafasi wazi.

Hatua ya 5: Fua sampuli

Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Lipia sampuli moja iliyochapwa kwa kitambaa kilekile, wino uleule na mashine ileile itakayotumika kwa oda nzima.

Ikifika, pima upana kutoka kwapa hadi kwapa, na urefu kutoka begani hadi pindo. Andika. Shika mchoro kwa mikono miwili, uvute taratibu. Wino wa plastisoli, ule wenye asili ya plastiki unaotumika sana kwenye skrini, ukiiva hutanuka na kurudi; usioiva hupasuka. Wino huo huiva ukifikia takriban nyuzi 160 za Selsiasi katika tabaka lote, si juu tu. Ukikosa joto hilo bado utaonekana mzuri kwa macho na utakauka mkononi, kisha uharibike kwenye beseni. Hicho ndicho kilichozikuta fulana zetu za kwanza: mchapaji alikuwa anakimbizana na muda, naye hakuziacha kwenye joto vya kutosha. Kuvuta kwa sekunde mbili kungenionyesha.

Baada ya hapo ifue mara tano, ukiianika mpaka ikauke kila mara. Pima tena. Tazama kama mishono ya ubavuni imejipinda kuelekea mbele. Sugua kitambaa cheupe chenye majimaji juu ya fulana uone kama inachuja rangi. Mwisho ivae usimame mbele ya kioo: mchoro uanze kama sentimita 7 au 8 chini ya kola. Ukishuka zaidi, unakaa tumboni.

Hatua ya 6: Toa oda kwa maandishi

Andika aina na rangi ya kitambaa, namba za wino, upana wa mchoro kwa sentimita, umbali kutoka kola, idadi ya kila saizi, tarehe ya kukabidhi, na nani anabeba hasara ya zilizoharibika. Lipa malipo ya awali, salio libaki hadi ukague mzigo.

Kwa fulana 50 huwa naanza na S 8, M 15, L 15, XL 8 na XXL 4. Weka wiki mbili au tatu za akiba kabla ya onyesho. Mzigo ukifika, hesabu kila saizi, chomoa kumi bila kuchagua, uzilinganishe na sampuli yako. Sampuli hiyo usiiuze kamwe.

Hatua ya 7: Panga bei na uweke daftari

Jumlisha kila kitu: fulana, skrini, uchapaji, mchoraji, usafiri. Tuseme jumla ni 900 kwa fulana 50. Usigawe kwa 50. Tano zitakwenda kwa wanabendi na zenye kasoro, kwa hiyo gawa kwa 45: kila moja imekugharimu 20. Ukiuza kwa 40, fulana ya 23 inakurudishia mtaji wote na oda ijayo unaweza kuilipia bila kuchangishana.

Mezani tundika fulana moja kwenye hanga palipo na mwanga, nyingine zikunje kwa saizi, na uwe na chenji. Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo andika kila iliyouzwa na saizi yake, na pembeni uandike saizi iliyoulizwa ikakosekana. Safu hiyo ya pembeni ndiyo ninayoifungua kwanza ninapopanga oda mpya.